Lenzi ya Chumba cha Uani

Bagamoyo,
6 Novemba 2023

Mjomba Shamsudin,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Shikamoo nyingine umfikishie mkaza mjomba, Bi Adila. Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Mvua za vuli zimeanza, na paa la upande wa uani limekumbuka pale pake pa kuvujia, kwa hiyo tuna ndoo mbili na sufuria moja kazini. Mama anakusalimu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu nimechoka nayo. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za afya ukanijibu bei ya samaki changu, nikapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Basi tuandikiane kama watu wa zamani, usome kwa nafasi yako. Barua nampa dereva wa Chalinze, na Mikdad wa dukani kule atampa kondakta wa basi la Tanga. Najua ni kuzunguka bure, maana basi lenyewe linapita Msata, karibu na sisi. Lakini Mikdad ni damu yetu na Msata sina mtu.

Lililonileta ni lenzi. Unajua nina mwaka wa tatu napiga picha za harusi, upande wa wanawake, kule wanaume wasikoingia. Kamera ni nzuri, niliinunua kwa mtu. Tatizo ni hii lenzi iliyokuja nayo, ya kuvuta karibu na mbali. Vyumba vya watu huku unavijua, madirisha madogo na mapazia mazito. Tundu lake la mwanga linaishia 3.5, ukivuta linabana mpaka 5.6, na picha zinatoka na chenga kama redio mbovu. Ukiwasha flashi, bi harusi mwenyewe anatoka kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Nataka moja isiyovuta, ya tundu kubwa, ya bei ya mtu wa kawaida. Kuna milimita 50 ya 1.8, ndiyo rahisi kuliko zote. Kuna 35 ya 1.8, imezidi kidogo. Muuzaji wa Kariakoo ananisukumia ya 1.4, bei ya ng'ombe mwenye mimba. Video nimetazama mpaka macho yanauma, kila mtu anasifu aliyonayo mkononi. Wewe umekaa nyuma ya kamera miaka arobaini, niambie wewe. Au ile lenzi yako ya zamani bado ipo? Nasikia kuna ringi ya kuifungia kwenye kamera hizi.

Nina haraka kidogo, mjomba.

Mpwa wako,
Hafidha

*

Pangani,
27 Novemba 2023

Mwanangu Hafidha,

Marahaba, wa alaykum salaam. Barua yako imechukua siku kumi na sita kufika. Kondakta anasema Mikdad aliilalia chini ya katoni za maji, na kweli ilikuwa na alama ya chupa. Bi Adila hajambo isipokuwa goti. Mimi sijambo isipokuwa masikio. Studio inakwenda.

Haraka ya nini? Harusi za watu haziishi. Mtu anayenunua lenzi kwa haraka hununua mara mbili.

Muuzaji wa 1.4 mwache na ng'ombe wake. Tofauti ya mwanga kati ya hiyo na 1.8 ni ndogo, tofauti ya bei utailipa wewe. Chukua 50. Mimi nimeshika 50 maisha yangu yote, inaona kama jicho linavyoona, haimnyooshi mtu pua wala haimnenepeshi. Ila usiniamini kwa sababu ni mjomba wako. Hiyo lenzi yako ya kuvuta ipeleke kwenye 50, izungushie selotepu isisogee, ufanye nayo kazi siku saba bila kuigusa. Kisha ifunge kwenye 35, siku saba nyingine. Miguu yako itakwambia ni ipi.

Halafu nijibu haya: chumba kina ukubwa gani, mwanga unaingilia wapi na saa ngapi, na huyo unayempiga anatembea au ametulia. Bila hayo mimi ni mganga anayetoa dawa bila kumwona mgonjwa.

Na jambo moja ulishike. Ukifungua tundu lote, kitakachokuwa wazi kwenye picha ni unene wa kiganja tu. Ukishika pua, sikio linafifia. Wakiwa wawili na mmoja amekaa nyuma ya mwenzake, yule wa nyuma umemtupa. Ushike jicho lililo karibu nawe, basi.

Lenzi yangu ipo kabatini. Tuiache huko.

Umeandika kwamba mama yako ananisalimu. Ahsante.

Mjomba wako,
Shamsudin

*

Bagamoyo,
14 Desemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Tunaendelea. Vuli imekatika, ndoo zimepumzika. Harusi mbili za mwezi huu nimempa mwenzangu wa Mapinga, na ya tatu nadhani nitampa pia. Bi Adila asugue goti mafuta ya habasoda, na asipande ngazi.

Selotepu nimeifunga kama ulivyosema. Nakujibu moja moja.

Chumba ni futi kumi kwa kumi na mbili. Mlango unatazama uani. Dirisha ni moja, liko juu, dogo, la vijiti vya mbao vilivyokatizana, kijiti kimoja cha chini kimekatika. Mwanga unaingia baada ya alasiri, unakaa kama nusu saa, unaangukia ukuta wa kushoto penye shubaka la kuwekea Msahafu. Kabla ya hapo ni giza totoro, baada ya hapo pia.

Ninayempiga hatembei. Ametulia muda wote. Flashi haifai hata kidogo, macho yake hayaistahimili.

Kwenye 50 nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, nikapata uso na mto. Hizi kamera zetu za bei nafuu zina kihisio cha kupokea picha kidogo kuliko filamu yako, kwa hiyo 50 yako kwangu inakuwa ndefu, inabana. Kwenye 35 napata uso, mikono, na ukingo wa kitanda. Lakini lenzi hii haina tundu kubwa, napiga kwa moja ya nane ya sekunde, nimebana pumzi, na bado zinatikisika. Nimejaribu bila mtu, kwa kuweka mto na mtandio, maana ruhusa ya kumpiga mwenyewe sijapata.

Unasemaje? Nimechoka kidogo, samahani kama mwandiko hausomeki.

Hafidha

*

Pangani,
9 Januari 2024

Hafidha,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikampa Bi Adila anisomee kwenye sikio, nikidhani macho nayo yananiacha.

Bi harusi gani haamki kitandani?

Kijiti cha chini cha dirisha lile nilikikata mimi, na kiwembe, nikiwa na miaka tisa, nikachapwa. Chumba hicho kiko karibu na kisima na karibu na choo, kwa hiyo tangu enzi za babu mtu wa nyumba ile akizidiwa huhamishiwa hapo. Bibi yako alilazwa hapo. Baba yako Yusuf, Mungu amrehemu, alilazwa hapo. Hakuna anayepelekwa chumba cha uani kwa mafua. Unaniuliza milimita, mwanangu, na unampa mtu wa Mapinga harusi tatu. Usinijibu ni nani. Mliobaki humo ni wawili, na mmoja anaandika barua.

Nami nikwambie yangu, maana nimekudanganya kwa sentensi mbili. Studio haiendi. Nimeifunga mwaka wa pili sasa, chumba cha mbele amepanga Wahida, anauza mitandio. Nani aje kupiga picha kwangu wakati kila mtu ana simu? Na lenzi yangu haipo salama kabatini. Nilipopata barua yako ya kwanza niliitoa nikaimulika kwa tochi. Imeota kuvu ndani, vinyuzi vyeupe kutoka ukingo mpaka katikati. Hewa hii ya chumvi haimwachi mtu. Yako ukiinunua usiifungie kwenye mkoba wa ngozi, iweke mahali pakavu, ipate mwanga.

Lenzi hiyo niliinunua mwaka 1986, nikiwa na studio hapo hapo Bagamoyo. Siku niliyoileta nyumbani nilitaka kuijaribu. Mama yako, Shufaa, alikuwa chumba hicho, ametoka kusuka, kichwa wazi, anachambua mchele kwenye ungo. Ilikuwa baada ya alasiri. Nilimwita, akainua uso, nikapiga. Ni picha bora niliyopata kupiga katika maisha yangu, na nilikuwa kijana mpumbavu, nikaisafisha kubwa nikaiweka dirishani mwa studio, watu wajue Shamsudin amefika. Sikumuuliza. Ilikaa siku mbili. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, wakaiona watu wa upande wa mchumba wake. Jumapili wakaja kuvunja posa. Hawakugombana, walirudisha maneno kwa adabu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Shufaa akakaa miaka minne haposwi. Baba yako alikuja kutoka Mlingotini na hakujali, ndiyo maana nilimpenda.

Nilimpa picha yenyewe na filamu yake, sijui alivifanya nini. Nikahamia Pangani. Tangu hapo tunasalimiana kwenye misiba, salamu za mlangoni. Kwa hiyo ulipoandika kwamba mama yako ananisalimu, nilijua mara moja kuna jambo. Sikutaka kulijua.

Chukua 35. Nilikosea kuhusu 50, nilikuwa najibu kwa ajili ya kamera yangu.

Shamsudin

*

Bagamoyo,
20 Januari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimelia kidogo, sasa naandika.

Ni figo. Tulikwenda na kurudi hospitali tangu Agosti, mwisho daktari akasema tukamuuguze nyumbani. Mama aliniapisha nisikwambie kwamba anaumwa. Alinishika mkono juu ya Msahafu. Hakuniapisha nisikueleze chumba. Nilihesabu kwamba mtu aliyezaliwa humo, ukimpa dirisha na shubaka, atafika mwenyewe. Selotepu na maswali yako vilinisaidia. Mungu akinihukumu kwa hilo nitajibu, lakini nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu.

Na lenzi naihitaji kweli, sikukudanganya. Mama hana picha. Ana ile ya kitambulisho, amekunja uso kama anadaiwa. Mimi ninayepiga picha za mama wa watu wote wa mji huu sina ya mama yangu.

Nimemsomea barua yako, yote, hata pale pa mchele. Kisha akasema hivi, naandika kama alivyosema:

"Asije kwa kunihurumia, huruma ninayo ya kutosha hapa ndani. Kama anataka picha yangu, safari hii aje aniombe."

35 nimeinunua Dar, imetumika, ina mkwaruzo kwenye pete ya nje tu. Kioo ni safi, nimekimulika kwa tochi kama ulivyofanya wewe.

Njoo, mjomba. Usimsubiri Mikdad.

Hafidha

*

Pangani,
29 Januari 2024

Hafidha,

Marahaba. Nitafika Alhamisi, Mungu akipenda. Bi Adila anabaki kwa ajili ya goti. Sijui nitasema nini nikifika mlangoni, na sitasikia nitakachojibiwa. Wewe kaa karibu unionyeshe kwa kichwa.

Shamsudin

*

Bagamoyo,
2 Mei 2024

Mjomba Shamsudin,

Shikamoo, na shikamoo kwa Bi Adila. Natumaini mlifika salama baada ya arobaini, na maji yale ya barabarani. Masika ya mwaka huu haina adabu. Ndoo zimerudi kazini na nimeongeza beseni. Nyumba ni kubwa kupita kiasi. Asubuhi bado naweka vikombe viwili.

Kwenye msiba kulikuwa na watu, na kwenye arobaini kulikuwa na watu, na kukwambia ninayotaka kukwambia ingebidi nipige kelele mbele yao. Kwa hiyo nimeisubiri karatasi.

La kwanza. Ile Alhamisi ulipoingia chumbani ukasimama, ukavua kofia, ukasema, "Shufaa, naomba nikupige picha," mimi nilikutikisia kichwa kwamba amekubali. Maneno yake hukuyasikia. Alisema, "Miaka thelathini na minane, na kumbe lilikuwa neno moja." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetua mzigo.

La pili. Ulinisogezea kamera, ukasema nipige mimi na wewe ukae naye. Ukachukua kigoda ukakaa nyuma ya kitanda, karibu na ukuta, kama mgeni anayeogopa kuchafua mkeka. Ile ya kwanza hujaiona. Nilifungua tundu lote, nikashika jicho lake kama ulivyonifundisha. Mama yuko wazi kabisa, kila mstari wa uso. Wewe nyuma yake ni doa la kanzu, mtu hawezi kujua ni nani. Mama aliomba aione kwenye kioo cha kamera. Akaitazama, akauliza, "Huyu mwingine yuko wapi?" Nikamweleza habari za lenzi, kwamba nikitaka mtoke nyote wawili lazima mkae mstari mmoja, bega kwa bega. Ndipo alipokunyooshea mkono akakuvuta. Wewe ulidhani anataka maji.

Ya pili ndiyo hii niliyoiweka ndani ya bahasha, kati ya makaratasi mawili magumu. Moja ya sitini ya sekunde, tundu 1.8, mwanga wa alasiri. Nyote wawili mko wazi. Ameshika kidole chako cha shahada kama mtoto anayevushwa njia, na wewe unatazama mahali ambapo hakuna kamera. Kiufundi ina makosa. Sijapiga nyingine nzuri kama hiyo na sidhani nitapiga.

La tatu ndilo zito. Siku nne kabla hajatutoka alinituma nimletee kijaluba chake cha bati. Ndani mlikuwa na ile ya 1986. Hakuichoma, mjomba. Imeliwa na wadudu pembeni, lakini uso upo, na ungo upo. Akasema kuzikwa nayo haiwezekani, basi nibaki nayo mimi, nisimwonyeshe mtu. Nimetii. Wewe nakwambia tu kwamba ipo.

Kisha akaniambia: "Ile hakuniuliza. Hii ameniomba. Mwambie aiweke dirishani."

Nimeandika kama alivyosema.

Mpwa wako,
Hafidha

*

Pangani,
19 Mei 2024

Mwanangu Hafidha,

Marahaba. Barua imefika na unyevu kwenye pembe moja, picha haikuguswa. Makaratasi magumu yalikuwa akili nzuri. Bi Adila anakusalimu, na anasema uache kuweka vikombe viwili, au uje ukae kwetu mwezi mmoja unywe chai ya watu watatu. Mimi naungana naye.

Picha nimeitazama. Mstari umeshika, macho yake mawili yako sawa. Kosa moja, umemkata kiwiko. Basi, nimemaliza kuwa fundi. Sikukwambia nilikuwa natazama wapi siku ile. Nilikuwa natazama kile kijiti kilichokatika, kwa sababu nilijua nikimtazama yeye nitalia, na mtu akilia anatikisika.

Nilimwendea Wahida nikamwomba nafasi ya futi mbili kwenye kioo chake. Aliondoa mitandio ya kijani bila kuniuliza sana. Kioo nimekiosha kwa sabuni na gazeti, ndani na nje. Fremu ninayo, ile ile ya wakati ule, niliitunza sijui kwa nini. Nimeipiga msasa.

Picha haijaingia. Ipo mezani, nimeifunika kitambaa. Jana niliishika nikafika nayo mpaka kizingitini, nikarudi. Mama yako ametoa ruhusa, nimesikia, safari hii nimesikia vizuri. Lakini yeye hayupo tena wa kupita njia akajiona akabadili mawazo, na aliyebaki mwenye uso ule ni wewe. Watu watasimama hapo, watauliza huyu ni nani, na nitawajibu.

Kwa hiyo, Hafidha binti Yusuf, naomba. Ukisema ndiyo, nitaiweka. Ukisema hapana, itabaki chini ya kitambaa na sitakuuliza sababu. Usinipigie simu, niandikie. Hata barua ikilala Chalinze mwezi mzima chini ya katoni za maji, nitaisubiri.

Mjomba wako,
Shamsudin